Lebo za redio hospitalini: zinaitwa, zinaitika

Lebo ya redio ni kipande chembamba chenye vitu viwili: chipu ndogo iliyobeba namba, na antena. Ikiitwa kwa mawimbi ya redio, huitika kwa kutaja namba yake. Haijui kama imefungwa kwenye mkono wa mgonjwa au kwenye mguu wa kitanda. Kinachoiita ni kisomaji, na kinachoipa namba hiyo maana ni kompyuta ya hospitali, ambamo imeandikwa kwamba namba fulani ni ya pampu fulani ya dripu. Kimataifa teknolojia hii hujulikana kwa herufi nne, RFID.

Tofauti yake na msimbopau, ile mistari myeusi kama ya kwenye bidhaa za dukani, ni kwamba msimbopau lazima uonekane. Mgonjwa akilala juu ya mkono wake, muuguzi itabidi amgeuze, pengine amwamshe. Lebo ya redio husomeka kupitia shuka, na kisomaji kimoja huweza kusoma lebo nyingi ndani ya sekunde moja.

Lebo nyingi hazina betri kabisa. Hupata nishati kutoka kwenye mawimbi yaleyale yanayoziita, kisha hujibu kwa kuyaakisi yakiwa yamebadilishwa kidogo. Wazo hili si geni: mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha makala kuhusu mawasiliano kwa nishati inayoakisiwa. Zipo pia lebo zenye betri, ambazo hazingoji kuitwa. Hujitangaza zenyewe kila baada ya muda, na hizo husikika makumi ya mita. Ni kubwa zaidi na ghali zaidi, ndiyo maana huwekwa kwenye mashine za kuhamahama na si kwenye kila kasha la dawa.

Umbali wa kusomeka hutegemea pia masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde. Lebo za kilohezi 125 husomwa kwa karibu sana, za megahezi 13.56 kwa umbali usiofika mita moja kwa kawaida, na za megahezi 860 hadi 960 kwa mita kadhaa. Hizi za mwisho ndizo zinazovutia hospitali, na ndizo zenye matatizo zaidi. Maji hufyonza mawimbi yake, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Bangili iliyobana mkono, mkono wenyewe ukiwa chini ya kiwiliwili, inaweza isiitike kabisa. Chuma nacho huyarudisha mawimbi, kwa hiyo lebo ya kitanda inahitaji kuwa ya aina maalumu au kutenganishwa kidogo na chuma. Tena redio hupenya kuta: pampu iliyo chumba hiki yaweza kuonekana kwenye ramani ya kompyuta kana kwamba iko chumba cha pili. Wanaohitaji uhakika wa chumba huongeza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao haupiti ukutani.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kujaribu mifumo hii karibu na vifaa 41 vya wagonjwa mahututi, bila mgonjwa yeyote kuunganishwa. Katika majaribio 123 walikuta hitilafu 34, na 22 kati ya hizo walizihesabu kuwa za hatari: mashine za kupumulia kuzimika, pampu za sindano kusimama. Lebo zisizo na betri za megahezi 868 ndizo zilizosababisha nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, hospitali isiyojaribu visomaji vyake kando ya mashine zake yenyewe, kabla ya kuvifunga wodini, haijawa tayari kuvitumia.

Zikiwekwa vizuri, faida yake ni kubwa. Muuguzi haachi wagonjwa wake ili azunguke wodi tatu akitafuta pampu. Mtoto mchanga mwenye lebo kifundoni akisogezwa karibu na mlango bila ruhusa, kengele hulia. Vivyo hivyo kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayetoka bila kujua aendako. Bangili ya mgonjwa iwe na namba tu. Jina na ugonjwa vibaki kwenye kompyuta yenye ulinzi, kwa sababu lebo rahisi humwitikia yeyote mwenye kisomaji kinachofaa.

Chumba cha upasuaji ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi ya kuisoma lebo. Baadhi ya shashi, vitambaa vya kufyonza damu, huwekewa lebo ndani yake, na kabla ya jeraha kufungwa, kisomaji hupitishwa juu ya mgonjwa. Lebo ikiitika, daktari anajua shashi imebaki ndani. Isipoitika, huenda hakuna kitu, na huenda lebo imeharibika au mawimbi hayakuifikia. Ndiyo maana shashi huendelea kuhesabiwa kwa mkono, kabla ya upasuaji na baada yake, na kisomaji hupitishwa kama nyongeza ya hesabu hiyo.