Hapana, Afrika haikupasuka usiku mmoja

Masika yakianza tu, ile video inarudi: barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, Machi 2018, korongo limekata lami, na juu yake maneno "Afrika yagawanyika". Mwaka huu nimetumiwa na mtu aliyesoma jiolojia. Basi, yamenifika hapa.

Upande ule wa Suswa umefunikwa na majivu ya volkano, laini, hayashikani. Mvua kubwa iliyachukua, ardhi ikatitia. Wapo wanaosema chini yake palikuwa na ufa wa kale uliojaa majivu hayo, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayedhani upana wa korongo ndio kiasi ambacho bara limeachana. Bonde la Ufa hapa Kenya hupanuka milimita chache tu kwa mwaka, unene wa sarafu moja au mbili.

"Milimita? Mbona simu yangu hunionyesha niko ng'ambo ya barabara?" Kwa sababu simu husoma msimbo uliobebwa na mawimbi ya setilaiti za GPS, sisi tunaopima mwendo wa ardhi tunasoma wimbi lenyewe, lenye urefu wa sentimita 19 hivi, kwa masafa mawili ili kuondoa athari ya ayonosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, ambalo huchelewesha mawimbi hayo), kwa antena iliyofungwa kwenye nguzo, usiku na mchana, miaka nenda rudi. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni mishale. Mtu anafungua ramani ya kasi za vituo vya GPS, anaona mshale wa Nairobi umeelekea kaskazini-mashariki, karibu sentimita 3 kwa mwaka, anatangaza kwamba bonde linafunguka sentimita 3. Ndugu yangu, tazama mshale wa Malindi. Umeelekea huko huko. Wa Mbarara, Uganda, vilevile. Wote wanasafiri pamoja. Bonde ni ile tofauti ndogo inayobaki ukishatoa safari yao ya pamoja. Na hiyo safari ya pamoja unaitoaje? Kwa kukadiria mwendo wa bamba la Nubia, yaani kipande kikubwa cha Afrika kilicho magharibi ya bonde, kwa vituo vilivyo mbali na bonde, kama Hartebeesthoek kule Afrika Kusini. Makadirio hayo yakikosea nusu milimita, na jibu lako lote ni milimita tatu, umeshapoteza sehemu nzima ya sita kabla hujagusa ufa wowote. Hapo sijataja nguzo iliyosimikwa kwenye udongo mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, wala fundi aliyebadilisha antena bila kuandika popote. Kwenye grafu, antena mpya na mtetemeko wa ardhi hufanana: mstari unaruka ghafla. (Kimo ndicho kibaya zaidi. Sitaki hata kuanza.)

Kuna jambo vitabu hulipita kimyakimya: huo wastani wenyewe, wa milimita chache kwa mwaka, una utata. Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, Tanzania, ardhi ilitetemeka mfululizo. Mtetemeko mkubwa, wa ukubwa wa 5.9, uliwatoa watu maghorofani hadi Nairobi. Picha za rada kutoka setilaiti zilionyesha ufa mmoja ulioteleza makumi ya sentimita kwa muda wa wiki hivi, sehemu kubwa bila mtikisiko wa maana, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikijipenyeza chini ya mlima Gelai. Septemba, mlima wa volkano wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Wiki moja ilifanya kazi ya miongo mingi. Sasa ile milimita kadhaa kwa mwaka ni mwendo wa nini, kama si miaka ya kungoja? Na ni kiasi gani hubebwa na nyufa za kingoni mwa bonde, kiasi gani na magma katikati? Vituo vikiwa mbalimbali namna hii, hesabu zaidi ya moja hukubaliana na data, na kila mtafiti huipenda yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia ufa fulani wa Naivasha unafunguka milimita 2.7 kwa mwaka, muulize: ukilinganisha na wapi? Kwa miaka mingapi? Na nguzo yako imesimama juu ya nini?