Je, Wajua Kwa Nini Jina la Bwana Shaw Limo Ndani ya Mabano?

Fungua kitabu cha wanyama kilichoandikwa kwa makini, utakuta simba ameandikwa hivi: Panthera leo (Linnaeus, 1758). Geuza kurasa hadi kwa mbuni, unakuta: Struthio camelus Linnaeus, 1758. Aliyewapa majina ni yuleyule na mwaka ni uleule, lakini kwa simba jina la Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeanzisha mtindo huu wa majina, limefungiwa kwenye mabano na kwa mbuni limeachwa huru. Wengi hudhani mpiga chapa amepitiwa. La hasha. Mabano hayo yanatoa habari: mnyama huyu amehama nyumba tangu siku alipopewa jina. Linnaeus alimwita simba Felis leo, akamweka jenasi moja na paka anayelala jikoni kwako. Jenasi ni kundi la spishi, yaani aina, zilizo karibu, na ndiyo neno la kwanza la jina; neno la pili ni la spishi yenyewe. Baadaye wataalamu walimhamishia Panthera, aliko chui, na mabano yakabaki kama muhuri wa uhamisho. Mbuni yuko palepale alipowekwa.

Simba alihama safari fupi. Yuko ndege mmoja wa Australia ambaye amehamishwa zaidi ya mara moja, na safari yake inaeleza vizuri kuliko kanuni yoyote jinsi majina haya yanavyofanya kazi. Kwa Kiingereza anaitwa Regent Honeyeater. Kiswahili hakina jina lake, nami nitamwita mla-asali kwa kufuata maana ya Kiingereza, ingawa asali yenyewe hali. Chakula chake kikuu ni mbochi, yale maji matamu ya maua, hasa ya mikaratusi. Ndiyo, mikaratusi hii hii tuliyoipanda kwa ajili ya nguzo na kuni. Kwao ni Australia. Ncha ya ulimi wa mla-asali imechanika nyuzinyuzi kama mswaki wa mti uliotafunwa asubuhi, na kwa mswaki huo huyafyonza maji ya ua kwa haraka.

Kwa umbo ana urefu wa kama sentimita 22 kutoka mdomo hadi mkia. Kichwa na shingo ni vyeusi, na kuzunguka jicho kuna ngozi tupu yenye vinundu kama sugu. Mabawa na mkia vina manjano inayong'aa. Ila uzuri wake uko kifuani, ambako manyoya ya rangi ya krimu na meusi yamepangana nusu-duara juu ya nusu-duara, kama shingo ya kanzu iliyotariziwa na fundi asiye na haraka.

Kibandiko chake cha leo kinasomeka: Anthochaera phrygia (Shaw, 1794).

George Shaw alikuwa mtaalamu wa wanyama katika Makumbusho ya Uingereza, London. Australia hakuifika. Waingereza walikuwa wameanzisha makazi yao Sydney mwaka 1788, na meli zilizorudi zilibeba ngozi za ndege na wanyama, zimekaushwa, macho yametoka, rangi za ngozi tupu zimefifia. Hivyo ndivyo Australia ilivyomfikia Shaw mezani. Ndiye pia aliyemweleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1799, yule mnyama mwenye manyoya na mdomo wa bata, na hata yeye akashuku kwamba huenda kuna mtu amemshonea mdomo huo kwa utani.

Mwaka 1794 alimwandika ndege wetu kwa jina la Merops phrygius. Merops ni jenasi ya keremkerem, wale ndege wa rangi nyingi wanaodaka nyuki angani. Leo tunaona ni kosa kubwa, lakini mpe haki yake: ana ngozi iliyokauka mkononi, mdomo mwembamba uliopinda kidogo, na hakuna mtu wa kumwambia ndege huyo anakula nini wala analiaje. Katika masanduku aliyoyajua ya Ulaya, sanduku la keremkerem ndilo lililokuwa na midomo ya namna hiyo.

Jina la pili alilipatia. Frigia ilikuwa nchi katika eneo ambalo leo ni Uturuki, na Warumi waliwahusisha watu wake na ufundi wa kutarizi kwa nyuzi za dhahabu, hadi neno phrygius likawa na maana ya kitu kilichotariziwa. Shaw alikitazama kile kifua akaona taraza. Mimi naona ni miongoni mwa majina bora ya ndege, na ni bahati kwamba sheria za majina hazimruhusu mtu kulifuta. Jina la spishi lililotolewa kwanza, kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, ndilo hushinda. Jenasi inaweza kubadilika mara kumi. Jina la pili hufuata nyuma kama mtoto anayemfuata mama sokoni.

Hufuata, ila hubadili nguo. Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko Mwingereza, kwa sababu anajua ngeli. Tunasema mtoto mzuri, kiti kizuri, gari zuri. Kivumishi hutii nomino. Kilatini nacho kina tabia hiyo. Merops ni nomino ya kiume, basi sifa ikawa phrygius. Anthochaera ni ya kike, basi sifa ikageuka phrygia. Neno ni lilelile, upatanisho tu umebadilika, wala si jina jipya.

Sasa, alifikaje huko? Karne ya 19 wataalamu walikwisha kumtoa kwa keremkerem, na mwaka 1837 William Swainson alimjengea jenasi ya peke yake. Aliiandika Zanthomiza, vitabu vingi vya baadaye vikaandika Xanthomyza, maneno ya Kigiriki yenye maana ya manjano na kufyonza. Akaishi humo kama mpangaji asiye na jirani hadi karne ya 20 ikaisha. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kweli hakufanana na mtu.

Kisha wakaja watu wa vinasaba. Mwaka 2004 Amy Driskell na Les Christidis walichapisha utafiti wa DNA wa walaji-asali, yaani ndege huyu na jamaa zake, na ndege wetu akaonekana si mpweke hata kidogo. Alikuwa ndani kabisa ya kundi la Anthochaera, ndege wakubwa wa rangi ya kahawia na kijivu, wengine wakiwa na vinyama vinavyoning'inia kando ya uso. Sauti zao ni za kukwaruza, na kwa sura huwezi kuwadhania ni ndugu zake. Lakini jenasi ni ukoo: inapaswa kuwa na wote waliotoka kwa babu mmoja. Kumbakiza nje ni sawa na kusema Juma si mjukuu wa mzee kwa kuwa kanzu yake imetariziwa na za wenzake hazina kitu. Basi akahamishwa, na Xanthomyza ikafungwa mlango.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilisoma. Mmoja wa ndugu hao aliokutanishwa nao ni Anthochaera carunculata (Shaw, 1790). Shaw tena, na mabano tena. Huyo naye alikuwa amewekwa Merops. Yaani mzee wa London alikosea nyumba, lakini ndugu wawili aliwalaza chumba kimoja, wakatenganishwa na waliomsahihisha, hadi DNA ilipowarudisha pamoja. Simsifu kupita kiasi, maana sanduku lile la Merops lilitupiwa ndege wengi.

Ukipanda ngazi moja juu, kwenye familia, uhamisho ni mkubwa zaidi. Walaji-asali wote, spishi zipatazo 190, wako katika familia Meliphagidae, na nyumbani kwao hasa ni Australia, New Guinea na visiwa vya jirani. Anayewaona mara ya kwanza huwadhania ndugu wa chozi, yule ndege wetu mdogo wa Afrika, kwa midomo na mapenzi ya maua. Si ndugu wa karibu. Kazi moja imewapa zana zinazofanana. Kosa hilohilo liliwaingiza katika familia hii ndege wa Afrika Kusini wa jenasi Promerops, wenye mikia mirefu, wapenda maua ya protea. Vinasaba viliwatoa, vikawapeleka karibu na ndege wanyamavu wa misitu ya milimani: mmoja anapatikana Usambara na Uluguru, na mwingine jenasi yake inaitwa Kakamega. Ndiyo, kwa jina la msitu wa Kenya.

Kule Hawaii nako kulikuwa na ndege weusi walioitwa walaji-asali. Mwaka 2008 DNA iliyochukuliwa kwenye ngozi za makumbusho ilionyesha kwamba hawakuhusiana na familia hii. Wakapewa familia yao, Mohoidae. Walipewa ikiwa wote wameshatoweka.

Ndege wa Shaw bado yupo, lakini porini wamebaki mia chache tu, kwa sababu misitu ya mikaratusi ya kusini-mashariki mwa Australia ilifyekwa kupisha mashamba. Wamekuwa wachache kiasi kwamba baadhi ya madume machanga hukua bila kumsikia mzee wa kuwafundisha wimbo, wakaishia kuiga nyimbo za ndege wa spishi nyingine. Kwenye hifadhi ya wanyama ya Taronga, Sydney, makinda wamewahi kuchezewa sauti zilizorekodiwa ili wajifunze lugha yao. Dume aliyekulia porini peke yake, ukimsikiliza umefumba macho, utamwandika kwa jina la jirani yake.