Kiwango Kinauliza Nani Anajua, Hakiulizi Faili Liko Wapi

Kila msimu wa ukaguzi unapokaribia, viwanda hutuletea sisi wakaguzi wa vyeti swali moja: kifungu cha 7.1.6 cha ISO 9001 ya mwaka 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kinataka fomu gani? Hakitaki fomu. Kinataka kampuni itambue maarifa yanayoendesha kazi zake, iyatunze, na anayeyahitaji ayapate. Kujaza kabati mafaili wiki moja kabla hatujafika ni kujichosha bure.

Tukiingia kiwandani tunamwendea opereta na kumuuliza: mashine hii ikianza kutoa bidhaa zenye ufa, nani anajua chanzo? Mara nyingi tunatajiwa mtu mmoja, tena yuko zamu ya usiku. Anasikia kwa mlio wa mota kwamba beringi imechoka. Hajamwambia mwingine, na si kwa uchoyo. Mara ya mwisho aliposema, msimamizi aliuliza nani kaharibu.

Hapo ndipo mtindo wa uongozi unapoamua kama kiwanda kitabuni kitu kipya. Toyota humruhusu mfanyakazi avute kamba kuashiria kasoro, na kiongozi wake huja kumsaidia. Tatizo lisipomalizika kwa wakati, mstari wa uzalishaji unasimama. Pale 3M, kampuni ya Marekani, mkemia Spencer Silver alipata mwaka 1968 gundi dhaifu isiyo na kazi ya wazi. Aliendelea kuwasimulia wenzake kwa miaka, hadi mwenzake Art Fry, aliyechoshwa na vialamisho kudondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani, alipoikumbuka mwaka 1974. Vikaratasi vya kubandika vyenye gundi hiyo (Post-it) viliuzwa kote Marekani mwaka 1980. Kama Silver angeamriwa anyamaze kuhusu jaribio lililoshindikana, Fry angeikumbuka gundi ipi?

Hatusemi kila meneja msikivu atapata bidhaa mpya. Hilo hatuwezi kulithibitisha. Wala mkutano wa kila Jumatatu ambamo bosi pekee ndiye anayezungumza hauitwi kubadilishana maarifa, hata mahudhurio yakisainiwa vipi.

Kuhusu hatua zetu, cheti hudumu miaka 3, na ukaguzi wa ufuatiliaji hufanyika walau mara moja kila mwaka wa kalenda, isipokuwa mwaka wa kuhuisha cheti. Upungufu mdogo unahitaji mpango wa marekebisho tunaoukubali. Upungufu mkubwa unahitaji marekebisho tuliyoyahakiki wenyewe. Katika ukaguzi wa kwanza, miezi 6 ikipita bila uhakiki huo, hatua ya pili ya ukaguzi huo, ile ya kukagua utekelezaji, inarudiwa yote. Cheti kinaweza kusimamishwa, kwa kawaida kisizidi miezi 6, kisha kikafutwa au wigo wake, yaani kazi kinazozihusu, ukapunguzwa. Kusimamishwa si kufutiwa, tafadhali msichanganye.

Kwenye ziara zijazo tutaomba kuonyeshwa pendekezo moja la opereta lililokataliwa. Kifungu hakilazimishi mlitunze. Tutakachotaka kusikia, kutoka kwake mwenyewe, ni kama alielezwa sababu, na kama baada ya hapo ameleta jingine.