Kidevu kimegonga lami, mbona maumivu yako sikioni? Maswali na majibu kuhusu taya

Mdogo wangu alianguka na bodaboda pale Buzuruga, akagonga kidevu. Walimshona kidonda, lakini sasa mdomo haufunguki vizuri na anaumwa mbele ya sikio. Sikio linahusikaje?

Weka kidole mbele ya tundu la sikio lako, kisha fungua na ufunge mdomo. Utahisi kitu kinatembea. Hicho ni kichwa cha taya la chini, na chini yake kuna shingo nyembamba ya mfupa. Kidevu kikigonga lami, nguvu haiishii kidevuni. Inapanda pande zote mbili mpaka kwenye shingo hizo, na moja au zote mbili zinaweza kuvunjika hata kama kidevuni kuna mchubuko tu. Na mtu akipigwa ubavuni mwa taya upande wa kulia, shingo ya kushoto nayo iko hatarini. Kwa hiyo mdogo wako arudi hospitali leo, achunguzwe na kupigwa picha pande zote mbili. Kidonda kushonwa peke yake hakutoshi.

Mnajuaje nguvu inakopita? Hakuna anayekubali kupigwa ili apimwe.

Kweli kabisa. Zamani watafiti walitegemea majeruhi wa ajali na miili ya marehemu iliyotolewa kwa ajili ya sayansi. Siku hizi kompyuta inasaidia sana. Picha za CT skani, ambazo huonyesha taya kipande baada ya kipande, huunganishwa kuwa umbo kamili. Umbo hilo hugawanywa kuwa vipande vidogo sana, maelfu kwa maelfu, vilivyoshikana kwenye pembe zake kama macho ya wavu yanavyoshikana kwenye mafundo. Wahandisi walianza kuitumia njia hii kwenye mabawa ya ndege miaka ya 1950, kabla haijafika kwenye mifupa.

Kila kipande hupewa tabia yake. Ganda la nje la mfupa ni gumu, ndani kuna mfupa wenye vitundu, na meno ni magumu zaidi. Kisha kompyuta hupewa pigo: limetua wapi, kwa pembe gani, kwa nguvu kiasi gani, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Inakokotoa jinsi kila kipande kinavyovutwa au kubanwa. Mfupa huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, hivyo pale unapovutwa kupita kiasi ndipo ufa unapoanzia.

Mahesabu haya yanaeleza mengi. Meno ya juu na ya chini yakiwa yamekutana, sehemu ya nguvu hupita kwenye meno kwenda taya la juu. Mdomo ukiwa wazi, mzigo huo huangukia zaidi vichwa vya taya. Na juu ya vichwa hivyo kuna mfupa mwembamba tu, halafu ubongo. Shingo ya taya ikivunjika, mara nyingi inakuwa imeuokoa ubongo usichomwe. Kila nikilifikiria hilo nazidi kuuheshimu mwili huu.

Lakini modeli hii ya kompyuta si daktari. Mfupa wa mzee asiye na meno si sawa na wa kijana, na ndiyo maana matokeo hulinganishwa na vipimo halisi kabla ya kuaminiwa.

Ning'oe gego la mwisho lililojificha ndani ili taya lisivunjike?

Hapana, si kwa sababu hiyo peke yake. Gego hilo hudhoofisha kona ya taya, ni kweli, lakini lisipokuwepo nguvu huelekea zaidi kwenye shingo.

Helmeti yangu ni ya kufunika kichwa tu. Inatosha?

Kwa kichwa inasaidia sana, usiiache, na funga mkanda wake. Kidevu haikilindi. Ukiweza, nunua yenye kinga ya kidevu, na abiria wako naye avae.

Nitajuaje kuwa taya limevunjika?

Meno hayakutani kama zamani. Mdomo wa chini umekufa ganzi. Kuna damu imevilia chini ya ulimi, au sikio linatoa damu. Dalili moja inatosha kwenda hospitali, kama Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza. Njiani akae ameinama mbele ili damu isimzibe koo. Akiwa anapumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Mwanangu alitereza kwenye mawe ya Bugarika, akaangukia kidevu. Analia tu akila. Nisubiri?

Usisubiri, mama. Kwa mtoto, kichwa cha taya ni sehemu muhimu ya ukuaji wa taya. Kikiumia na kuachwa, kiungo kinaweza kugandana: mdomo ukashindwa kufunguka, uso ukakua upande. Watoto wengi hutibiwa bila upasuaji, kwa chakula laini na mazoezi ya kufungua mdomo yanayoanza mapema. Mpeleke leo, na umwambie daktari kwamba aliangukia kidevu, hata kama yeye anaonyesha shavu.