Je, wajua kwa nini basi la umeme linahitaji mkataba wa makanga?

Faida ya basi la umeme kwa tabianchi ni rahisi kuikokotoa. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ya ukaa. Chukua gari la viti 33 linalokwenda kilomita 4 kwa lita na kumaliza kilomita 200 kwa siku. Hizo ni lita 50, yaani kilo 134 za hewa hiyo kila siku, na kwa siku 300 za kazi ni tani 40 kutoka gari moja. Umeme wa Kenya nao, karibu asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Kwa hiyo gari likihama kutoka kwa dizeli, moshi haukuhamishiwa mahali pengine. Umepungua kweli.

Lakini ndani ya gari hilo mna watu wawili ambao hesabu hii haiwagusi: dereva na makanga, yaani kondakta. Jinsi wanavyolipwa ndiyo inayoamua kama basi jipya litafanya kazi iliyokusudiwa.

Kwenye matatu nyingi za Nairobi hakuna mshahara. Kuna hesabu, yaani kiasi anachodai mwenye gari kila siku. Tuseme siku imeingiza shilingi 18,000. Mwenye gari anachukua hesabu yake ya 7,000. Dizeli imekula 8,500. Kamagera wa steji anayeita abiria, kuosha gari na ada ya Sacco, yaani ushirika wa wenye magari, ni 700. Zinabaki 1,800, na hizo ndizo dereva na makanga wanagawana. Sasa fikiria msongamano Outering Road umewanyima raundi moja na makusanyo yakapungua kwa 2,000. Hesabu ya mwenye gari haipungui, na dizeli ilishachomeka kwenye foleni. Hasara yote inawaangukia wale wawili, ambao wanarudi nyumbani mikono mitupu, pengine na deni. Ndiyo maana gari hupanda kando ya barabara na kupita watu mbio. Wengi huita huo ukorofi, ilhali ni mfumo wa malipo unaowasukuma.

Leta basi la umeme katika mpangilio huohuo. Gharama ya dizeli inaondoka, na mahali pake panaingia umeme na mkopo wa gari, au malipo kwa kila kilomita kwa kampuni iliyolikodisha. Ikiwa mwenye gari atapandisha hesabu ili alipe mkopo, wafanyakazi hawajapata chochote. Ikiwa malipo ya kilomita yatatoka mfukoni mwao, hata kilomita tupu, zile za kutoka depo hadi steji bila abiria, zitakuwa zao. Na saa ambazo gari limechomekwa kwenye chaja mchana, nani anawalipa kusubiri?

Hapa ndipo kazi na tabianchi zinapokutana, na jambo hili husahaulika mno. Dereva wa basi la umeme akiondoa mguu mapema kabla ya kusimama, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Akikimbizana na kukanyaga breki ghafla, nguvu hiyo huishia kuwa joto kwenye pedi za breki. Ukinzani wa upepo nao huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, ukinzani huwa mara nne. Dereva anayefukuza hesabu humaliza chaji kabla ya saa ya jioni yenye abiria wengi. Mshahara unaojulikana mwisho wa mwezi humpa sababu ya kuendesha taratibu, kwa hiyo nao huokoa umeme.

Tumewahi kuona mpango mzuri ukianguka kwa kosa hili. Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote za matatu zilipwe kwa kadi. Kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali zisizosomana, hilo ni kweli. Lakini kiini ni kwamba malipo ya siku ya wafanyakazi yalikuwa kwenye pesa taslimu, na hakuna aliyewawekea malipo mengine kabla ya kuzifunga. Nauli ilirudi kwenye noti mkononi mwa makanga.

Sheria inasemaje? Inasema mengi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinataka wafanyakazi wa gari waajiriwe na kulipwa kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huchukuliwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi kesi ikifika mbele ya mahakama, ni juu yake kukanusha kile ambacho mfanyakazi anadai waliafikiana. Na nafasi ikifutwa, kifungu cha 40 kinadai notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba, pamoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi.

Ugumu uko kwenye swali moja: mwajiri ni nani? Mwenye gari ana magari mawili tu. Sacco inasema yenyewe haimwajiri mtu. Wafanyakazi wanatupwa huku na huku kama mpira.

Mlango upo kwenye kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Si mwajiri mmoja pekee anayelazimika kutambua chama. Kundi la waajiri pia hulazimika, chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kanuni za 2014 zinataka magari 30 au zaidi kwa Sacco au kampuni. Magari 30 kwa watu wawili ni wafanyakazi 60, hivyo saini 31 zinatosha. Kila mmoja husaini Fomu S, inayoruhusu ada ya chama ikatwe kwenye malipo yake, na makato yanapaswa kuanza ndani ya siku 30 tangu mwajiri apokee fomu hizo.

Kinachoharibika mara nyingi ni orodha. Wanaopiga squad, wale wa kushikilia gari siku moja moja, wakihesabiwa kuwa wafanyakazi, 60 inageuka 90 na saini 31 hazitoshi tena. Kwa hiyo sajilini squad pia, tangu mwanzo. Waajiri wakikataa kukitambua chama, ripotini mgogoro kwa Wizara ya Leba. Mpatanishi anatakiwa kuteuliwa ndani ya siku 21, na ana siku 30 za kusuluhisha. Mgomo huja baada ya hapo, kwa notisi ya maandishi ya siku 7. Ukiruka hatua hizi, mahakama huuzuia kwa urahisi.

Mkataba wenyewe uandike nini? Kwamba malipo ya kilomita na umeme ni ya mwajiri. Kwamba kusubiri chaja ni saa za kazi. Kwamba wafanyakazi wa njia hiyo ndio watakaopewa kwanza nafasi kwenye mabasi mapya, na mafunzo yalipiwe na mwajiri. Ndani ya siku 14 tangu kukubaliana, upelekwe kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Bila usajili, hauna nguvu ya kisheria.

Mafundi wa Grogan, mtaa wa gereji jijini Nairobi, wasiachwe nyuma. Basi la umeme halina nozo, klachi wala oili ya injini ya kubadilisha. Tairi, springi, breki na bodi zinabaki. Kazi mpya ni hatari: nyaya za rangi ya machungwa hubeba mamia ya volti. Kabla ya kuzigusa, gari huzimwa, swichi ya kukata betri huchomolewa, fundi husubiri dakika ambazo kitabu cha gari kimetaja ili kapasita zimalize umeme, huvaa glavu za mpira za volti 1,000, kisha hupima kwa mita kuhakikisha ni sifuri. Ujuzi huu haupatikani kwa kutazama. Unahitaji darasa na mtu wa kulilipia.

Wazo hili la mpito wenye haki, yaani kuhamia nishati safi bila kuwatupa wafanyakazi, halikuletwa na maofisa. Lilianza kwa vyama vya wafanyakazi wa mafuta na kemikali nchini Marekani, miongoni mwa viongozi wao akiwa Tony Mazzocchi, na mwaka 2015 likaingia kwenye utangulizi wa Mkataba wa Paris. Nairobi nayo ina mizizi yake. Fred Kubai alitoka kwenye chama cha wafanyakazi wa uchukuzi akawa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la 1949, pamoja na Makhan Singh, aliyedai uhuru kamili katika ukumbi wa Kaloleni Aprili 1950.

Na leo kuna jambo linalotupa matumaini ya kweli. Matatu za dizeli hulala zimetawanyika mitaani, hivyo wafanyakazi wake hukutana kwa bahati. Mabasi ya umeme hulala depo moja kwa sababu ya chaja, na watu 60 hupita lango lilelile kila alfajiri. Zaidi ya hayo, basi la umeme hurekodi kilomita na saa, na nauli ikilipwa kwa simu huacha alama. Kumbukumbu hizo zinaonyesha nani alifanya kazi siku ngapi, jambo ambalo mfanyakazi wa matatu hajawahi kuwa na njia rahisi ya kulithibitisha. Andikeni kwenye mkataba kwamba kila mtu apewe nakala ya rekodi zake kila mwezi. Kabla mkataba haujapatikana, pigeni picha ya skrini ya gari mwisho wa zamu, na msifute jumbe za M-Pesa.