Mbona ukikimbia mdomo unakauka na pumzi inakata?

Juzi asubuhi nimetoka Milimani hapa Nakuru nikapandisha njia ya Menengai, hata kilomita sijamaliza ulimi ushanata juu ya kinywa, mate mazito kama uji uliolala, nikitema hayaanguki, yananing'inia tu kwa kidevu. Jamaa tuliyekuwa naye akasema kunywa maji bana, nikapiga nusu chupa, dakika mbili pamekauka tena na sasa tumbo pia linacheza kama mtungi.

Kumbe sio kiu pekee. Ukiwa umekaa unavuta hewa lita 6 hadi 8 hivi kwa dakika, hiyo pua inaimudu vizuri, inaipasha joto na kuilowesha kabla ifike kifuani. Ukikimbia kwa nguvu zinaweza kupita lita 100, sasa hayo matundu mawili yatatoa wapi nafasi, mdomo unafunguka wenyewe, na kila hewa ikipita inaondoka na unyevu, ni kama nguo umeanika kwa upepo. Halafu mwili ukiwa kwa mbio unapunguza yale mate ya majimaji, unabaki na hayo ya kunata. Ongeza vumbi la Januari na utajua hujui.

Pumzi nayo, wengi hudhani oksijeni imeisha. Kinachokusukuma uheme hivyo zaidi ni kaboni dioksidi, misuli inaitoa kwa wingi, ubongo unaigundua kwa damu unaamuru uitoe haraka. Ndio ukianza kama umefukuzwa na mbwa, dakika ya tatu umeshika magoti. Na Nakuru iko juu, kama mita 1,850, hewa ni nyepesi, mtu wa Kisumu kule mita 1,100 na kitu akija huku lazima asikie, ingawa na wao joto la ziwa linawamaliza vilevile.

Kwa hivyo dawa kubwa ni mwendo. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatiza, punguza, hata tembea kidogo, hakuna aibu. Ukiwa polepole tumia pua. Hewa itoe yote, watu huvuta tu wanasahau kutoa. Maji kunywa mapema kabla utoke, njiani ni kusukutua na kumeza kidogo.

Lakini kifua kikipiga filimbi, ama ukishika kikohozi dakika chache baada ya kusimama, hiyo ni stori ingine, njia za hewa zinabana kama za mtu wa pumu, na hewa kavu ya baridi huzidisha. Enda kliniki, kuna inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, watu huitumia kama dakika 15 kabla ya mbio. Kifua kikiuma au ukisikia kizunguzungu, simama hapo hapo.

Jumapili nimerudi kilima kile kile mdogo mdogo, hadi mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani akanipita akicheka, lakini chupa ilirudi nyumbani karibu imejaa.