Babu hakuitwa kwa ajili ya mkono wake

Ujumbe ule ule umenifikia tena, safari hii kutoka kwa binamu yangu wa Mombasa: “Ligi ya mabilioni imekosa kijana wa kurusha mpira mpaka ikamfuate babu?” Anamsema Philip Rivers, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Mimi nafundisha makwotabeki wa shule ya sekondari hapa Ohio, na swali hili nimelijibu harusini na hata msibani. Nalijibu hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Haraka haraka: tarehe 7 Desemba 2025 kwotabeki wa Indianapolis Colts, Daniel Jones, alikatika kano ya kisigino. Wa akiba, Anthony Richardson, alishaumia jicho, na mwingine, Riley Leonard, goti lilikuwa linamsumbua. Rivers, aliyestaafu baada ya msimu wa 2020, alikuwa Alabama akifundisha timu ya shule, tena ana mjukuu. Wiki moja baadaye, akiwa na miaka 44, aliichezea Colts tangu mwanzo wa mechi dhidi ya Seattle.

Mkono? Vijana wa kurusha yadi 60 wamejaa tele, wengine wanauza simu. Siku ile Rivers alirusha mara 27, akapata yadi 120 tu. Hakuna aliyemwita kwa hizo.

Kinachoniudhi zaidi ni hoja ya redio. “Si kocha anamwambia kila kitu ndani ya helmeti?” Anamwambia, ndiyo. Ila zikibaki sekunde 15 za kuanzisha mpira, redio inakatwa, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kwotabeki anawatazama mabeki wa wapinzani: yupi anakuja kumvamia kweli, yupi anadanganya? Anaielekeza laini yake ya wazuiaji upande mmoja, anamwonyesha mkimbiaji wake ni beki gani amzuie. Akiona wanakuja 6 naye ana 5 wa kuzuia, lazima ajue mapema nani atamfikia bila kuguswa, na mpira autoe wapi kabla hajafika. Yote hayo anayasema kwa maneno ya timu ile, mbele ya kelele za uwanja mzima, na wenzake 10 wamwelewe sawasawa. Mmoja akisikia vingine, kwotabeki yuko chini. Kijana mgeni huhitaji miezi kuyazoea maneno hayo. Colts walikuwa na siku chache tu.

Sasa angalia ni nani anayepiga simu. Kocha wa Colts, Shane Steichen, alikuwa na Rivers kule Chargers, timu yao ya zamani, na mfumo ule Rivers aliendelea kuutumia hata kwa wanafunzi wake. Mwaka 2017 Ryan Tannehill wa Miami alipoumia goti, walimfuata Jay Cutler, aliyekuwa amestaafu na kupata kazi ya utangazaji. Kocha Adam Gase alishafanya naye kazi Chicago. Mwaka 1998 Atlanta, Chris Chandler alipoumia, akaanza Steve DeBerg, miaka 44, baada ya misimu 4 nje. Kocha? Dan Reeves, waliyekuwa pamoja Denver.

Sehemu nisiyopenda kuisema ni kwamba wote watatu hawakung'ara. DeBerg alilazwa 28-3 na Jets. Cutler alishinda mechi 6 kati ya 14. Rivers alipoteza kwa Seattle 18-16, alama zote 18 za Seattle zikitoka kwenye mguu wa mpiga teke Jason Myers, akapoteza kwa 49ers, akapoteza kwa Jacksonville. Huenda makocha humpigia wanayemjua kwa sababu ya woga, kisha sisi tunaojiita wataalamu tunawatafutia hoja. Nikiitazama tena ile mechi ya Seattle namwona mtu anayesoma kila kitu mapema, kisha miguu inamkatalia. Pengine kijana mwenye mbio angesoma vibaya mara kadhaa na bado akajiokoa kwa kukimbia, jambo ambalo Rivers hakuliweza hata akiwa na miaka 25. Mechi ya mwisho ya msimu Colts walimpa Leonard, nayo wakaipoteza, kwa hiyo hata huko sikupata jibu.